Sungura mmoja kila wiki: mwongozo kamili wa kufuga na kuzalisha sungura wa nyama nyumbani

Majike wawili na dume mmoja, wakitunzwa vizuri, wanatosha kuipa familia, kwa wastani, karibu sungura mmoja wa kupika kila wiki kwa mwaka mzima. Hesabu yake iko huko mbele, na unaweza kuihakiki mwenyewe kwa kalenda ya ukutani. Naanza nayo kwa sababu ufugaji huu umeharibiwa jina na wale walioingia kwa mlango mwingine: mkopo, majike ishirini kwa mpigo, na mkataba wa mtu aliyeahidi kununua kila sungura atakayezaliwa. Mnunuzi akitoweka, mfugaji hubaki na vizimba vimejaa na familia ambayo haijawahi hata kuonja nyama yenyewe. Mimi nasema mteja wa kwanza awe sufuria yako. Ukishajua ladha, uzito na gharama, ndipo utajua kama una cha kumuuzia mtu.

## Kuchagua mbegu

Sungura wa kufugwa ametokana na sungura wa Hispania na Ureno, mnyama anayechimba mashimo na kuzalia chini ya ardhi. Sungura wa porini kwetu ni mnyama mwingine kabisa. Hawazaliani, na vitoto vya yule wa porini huzaliwa na manyoya na macho wazi, ilhali vya huyu wa kufugwa huzaliwa uchi, macho yamefumba. Usipoteze muda kutega wa porini. Ila asili ya huyu wa kufugwa uishike akilini, kwa sababu mengi utakayomfanyia, kama giza, utulivu na sanduku la kuzalia, ni kumrudishia shimo lake.

Kwa nyama, aina mbili ndizo za kutafuta kwanza: New Zealand mweupe, na California, ambaye ni mweupe mwenye pua, masikio, miguu na mkia mweusi. Wote hufika kilo 4 hadi 5 wakikomaa, hukua haraka na majike wao hulea vizuri. Flemish Giant huvuka kilo 6 na huwavutia wengi sokoni, lakini anakula sana, anachelewa kukomaa, anateseka kwenye joto na nyayo zake huota vidonda. Kama unampata kwa bei nzuri, mtumie kama dume wa kuchanganyia damu. Chotara wa mtaani wa kilo 2.5 hadi 3 naye si wa kudharauliwa: ni mgumu, amezoea majani yetu, na ukimpandisha na dume wa New Zealand unapata watoto wenye mwili. Kenya ina kituo cha serikali cha kuzalisha mbegu za sungura pale Ngong. Tanzania wengi hununuliana wafugaji kwa wafugaji, na hapo ndipo macho yako yanapohitajika.

Nunua wenye umri wa miezi 4 au 5. Dume asitoke nyumba moja na majike. Kabla ya kutoa pesa, mgeuze sungura umkague:

- Pua iwe kavu. Tazama pia upande wa ndani wa miguu ya mbele. Manyoya yakiwa yameshikana, ujue anajifuta kamasi mchana kutwa, hata kama muuzaji amempangusa pua.
- Ndani ya masikio kusiwe na magamba ya kahawia.
- Meno ya juu yashuke mbele ya yale ya chini. Meno yaliyopishana huendelea kukua hadi sungura anashindwa kula, na kasoro hiyo hurithiwa.
- Sehemu ya haja iwe safi, bila dalili ya kuhara.
- Nyayo ziwe na manyoya kamili.

Usimbebe kwa masikio. Shika ngozi iliyolegea mabegani kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ubebe makalio. Miguu yake ya nyuma ina nguvu kuliko uti wake wa mgongo: akirusha teke huku ananing'inia anaweza kujivunja mgongo mwenyewe.

## Kizimba

Kila sungura aliyekomaa akae peke yake. Majike wawili waliokomaa hupigana, na madume hung'atana hadi kuharibiana korodani. Kwa mpango wa majike wawili unahitaji vyumba vitano: viwili vya majike, kimoja cha dume, viwili vya watoto wanaokua. Chumba cha jike kiwe sentimita 90 kwa 60, na kimo sentimita 50. Dume anatosheka na 75 kwa 60. Vya watoto viwe 120 kwa 60, kila kimoja kwa watoto sita.

Sakafu ndiyo inayoamua afya. Wavu wa kuku ni mwembamba, unapinda na kukata nyayo, uache. Tumia wavu mgumu uliochomelewa wenye matundu ya nusu inchi kwa inchi moja, au fito za mianzi zilizolainishwa na kupangwa kwa nafasi ya sentimita 1.5 hivi, ili kinyesi kipite na mguu usipite. Weka kipande cha ubao pembeni cha kupumzishia miguu. Sakafu iwe juu ya ardhi karibu mita moja, na kila mguu wa banda usimame ndani ya kopo lenye oili chafu. Makopo hayo ni kwa ajili ya siafu. Kundi la siafu likiingia usiku kwenye sanduku lenye vitoto, asubuhi hukuti kitu. Panya nao hula vitoto, kwa hiyo sanduku na kuta visiwe na mwanya wa kupenya.

Chini ya sakafu weka bati lililoinama, mkojo uelekee kwenye ndoo. Kinyesi cha sungura huwekwa bustanini moja kwa moja, hakiunguzi mche, na mkojo uliochanganywa na maji mengi ni mbolea nzuri ya mboga. Lakini sababu kubwa ya kuukinga ni pumzi. Ukifika bandani asubuhi na harufu ikakuchoma macho, ujue sungura wameivuta usiku kucha, na mafua hayako mbali.

## Joto, hasa kwa watu wa Pwani

Sungura yuko sawa kati ya nyuzi 15 na 25. Ikipita 30 anapunguza kula, na mbegu za dume zinaharibika. Ikifika 35 bila hewa, jike mwenye mimba kubwa anaweza kufa mchana mmoja. Aliye Lushoto, Njombe au Nyeri ajikinge na upepo wa mvua tu. Aliye Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Morogoro ajue kuwa Desemba hadi Machi ni mtihani.

Jenga chini ya mti. Kama paa ni bati, weka makuti au nyasi juu yake. Kuta za pande mbili ziwe wazi, zifungwe kwa wavu tu. Saa za jua kali tundika gunia lililoloweshwa upande upepo unakotokea, na kama una friza, chupa ya maji yaliyoganda iliyowekwa ndani ya kizimba huokoa. Utamkuta jike amejilaza nayo. Lishe kubwa itolewe jioni. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba dume aliyeunguzwa na joto huendelea kupanda kama kawaida lakini majike hawashiki mimba, na hali hiyo hudumu kiasi cha miezi miwili hata baada ya baridi kurudi, kwa kuwa mbegu mpya huchukua muda kutengenezwa. Usikimbilie kuwachinja majike mwezi Aprili ukidhani ni tasa. Pwani panga kupata uzao mmoja pungufu kwa mwaka, na uwe na amani nao.

## Chakula

Utumbo wa sungura umeumbwa kwa nyasi. Anayemlisha pumba tupu anamuua polepole, na anayewapa vitoto majani mabichi yenye umande anawaua haraka. Nyasi kavu ziwepo kizimbani saa zote. Majani mabichi yakatwe asubuhi, yaanikwe kivulini hadi yanyauke, yatolewe jioni. Sungura aliyekomaa hula nusu kilo hadi kilo moja ya majani kwa siku.

Yanayofaa yako karibu nawe: mabingobingo machanga, majani ya viazi vitamu, mchunga, kishonanguo, majani ya mahindi, majani ya migomba. Lusina, ule mti wa malisho, ina protini nyingi lakini itolewe kidogo tu, kwa maana ikizidi sungura hunyonyoka manyoya. Kabichi na mchicha ni vya kuonjesha. Usiwape kamwe majani ya nyanya, ya viazi mviringo, ya parachichi, ya mnyonyo wala mihogo mibichi, wala majani ya shamba lililopigwa dawa.

Utamwona alfajiri akijiinamia na kula kinyesi chake mwenyewe. Mwache. Sungura hutoa kinyesi cha aina mbili. Kile laini hukila tena kutoka mwilini moja kwa moja, na ndicho kinachompa protini na vitamini zilizotengenezwa tumboni.

Chakula cha vidonge cha dukani chenye protini asilimia 16 hadi 18 ni kizuri ukikipata. Usipokipata, changanya hivi kwa kilo 10: pumba za mahindi kilo 6.5, mashudu ya alizeti kilo 3.3, chokaa ya mifugo gramu 150, chumvi gramu 50. Nyunyizia maji kidogo wakati wa kulisha, vumbi lisimwingie puani. Dume na jike asiye na mimba wapate gramu 50 au 60 kwa siku, jike aliye siku kumi za mwisho za mimba gramu 100, na anayenyonyesha gramu 200 au zaidi. Watoto walioachishwa anza na gramu 40, upandishe kidogo kidogo hadi 80.

Pumba zenye harufu ya ukungu zitupe, hata kama ni gunia zima. Sungura ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika upesi sana na sumukuvu. Chakula cha kuku nacho si cha sungura: hakina nyuzinyuzi za kutosha, na baadhi yake kimetiwa dawa za kuku zinazoweza kumuua.

Maji yawe safi na yasikauke. Jike mwenye watoto sita anaweza kumaliza lita mbili kwa siku ya joto. Jike mwenye kiu hula kidogo, maziwa hukatika, na usiku wa kuzaa anaweza kula watoto wake.

## Kupandisha

Jike wa New Zealand au California yuko tayari akiwa na miezi 5 hadi 6 na kilo zisizopungua 3. Dume mwache hadi miezi 6 au 7. Flemish asubiri hadi miezi 8 au 9.

Sungura jike hana siku za joto zinazojirudia kama ng'ombe. Yai huachiliwa baada ya kupandwa, kama saa kumi baadaye. Kwa hiyo kazi yako ni kumpata akiwa radhi. Tazama uke wake: ukiwa mwekundu na umevimba kidogo, mpeleke, ukiwa mweupe na mkavu, subiri siku mbili tatu.

Mpeleke jike kwa dume asubuhi mapema au jioni, siyo kinyume. Dume akihamishiwa kizimba cha jike huanza kunusa pembe zote, naye jike hulinda nyumba yake kwa meno. Simama hapo hapo. Jike aliye radhi hujinyoosha na kuinua makalio. Dume akimaliza huanguka ubavuni, mara nyingine kwa kelele. Hilo likitokea mara mbili, mrudishe jike kwake. Ukimpeleka tena baada ya saa nane hadi kumi na mbili, nafasi ya mimba na idadi ya watoto huongezeka. Akikataa na kukimbia kwa dakika tano, mtoe, ujaribu kesho. Jike anayekataa wiki nzima mara nyingi amenenepa kupita kiasi. Punguza pumba, ongeza nyasi.

Hapa kuna shauri ambalo kwa mfugaji mdogo lina thamani kuliko aina ya sungura: wapandishe majike wote wawili siku moja. Wakizaa usiku mmoja au siku zinazofuatana, mmoja akiwa na watoto kumi na mwingine wanne, unagawa. Mmoja akifa, watoto wana mama wa pili. Mwenye jike mmoja hana pa kuwapeleka.

Siku ya 12 hadi 14 mpapase tumbo. Mweke juu ya meza, mkono mmoja mabegani, mwingine chini ya tumbo mbele ya nyonga, vidole vikitembea taratibu. Mimba husikika kama gololi laini zinazoteleza. Kinyesi ni kidogo, kigumu, na kiko juu karibu na mgongo. Usibinye. Usipokuwa na uhakika, acha. Jike akianza kujinyonyoa manyoya na kubeba nyasi siku ya 16 hadi 18, hiyo ni mimba ya uongo. Mpeleke kwa dume tena, wakati huo hushika vizuri.

## Kuzaa na wiki tatu za hatari

Mimba ni siku 31, wengine 30 au 32. Siku ya 28 weka sanduku la mbao la sentimita 45 kwa 30, kimo 30, upande mmoja umekatwa hadi kimo cha sentimita 15 ili aingie bila kuruka juu ya watoto. Toboa matundu madogo kwenye sakafu yake ili mkojo upite. Jaza nyasi kavu laini. Ukiliweka mapema mno atalifanya choo. Ukichelewa atazalia kwenye wavu na watoto watakufa kwa baridi.

Atajinyonyoa manyoya ya kifua na kutengeneza kiota. Huzaa usiku au alfajiri, kwa muda usiozidi nusu saa. Siku hizo mbili hakuna mgeni, mbwa wala watoto wa jirani bandani.

Asubuhi mpe jike majani anayoyapenda, umsogeze. Sugua mikono yako kwenye manyoya yake, kisha fungua kiota. Hesabu watoto, toa waliokufa na kondo lililobaki, funika. Wanaotarajiwa ni 6 hadi 8. Uzao wa kwanza huwa pungufu. Aliyenyonya ana tumbo la mviringo na maziwa meupe yanaonekana kupitia ngozi. Aliyelala njaa amekunjamana.

Jike hunyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika tatu hadi tano, halafu anaondoka zake. Watu wengi humwona mbali na watoto siku nzima wakaamua amewatupa, wakaanza kuwanywesha maziwa ya ng'ombe. Wanawaua kwa huruma. Tazama matumbo ya watoto, usitazame alipo mama.

Ukikuta kitoto nje ya sanduku, mama hatakirudisha. Hana tabia ya paka ya kubeba kwa mdomo. Kikiwa kimekuwa cha baridi, kishike tumboni kwako chini ya nguo au karibu na chupa ya maji ya uvuguvugu hadi kipate joto. Vingi huamka baada ya kuonekana vimekufa.

Mama mmoja asiwe na zaidi ya watoto 8. Waliozidi wahamishie kwa mwenzake ndani ya siku tatu za kwanza. Watoe wote sandukuni, wachanganye na wenyeji chini ya manyoya ya mama mlezi kwa nusu saa, ndipo umrudishie. Hatawabagua.

Macho hufunguka siku ya 10 hadi 12. Yaliyogandamana yasafishe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Kuanzia siku ya 18 hadi 21 wanatoka wenyewe. Ondoa sanduku wiki ya nne ikianza, kabla halijawa chanzo cha kuhara. Jike anayekula watoto wake uzao wa kwanza, hakikisha maji na utulivu, umpe nafasi. Akirudia, ni wa kuchinja.

## Kalenda inavyofanya kazi

Waachishe watoto siku ya 42, na siku hiyo hiyo umpeleke mama kwa dume. Siku 31 za mimba na 42 za kunyonyesha ni 73. Gawa 365 kwa 73, unapata 5 kamili. Jike anayekula majani na pumba za nyumbani asisukumwe zaidi ya hapo. Mashamba makubwa ya Ulaya hupandisha siku 11 baada ya kuzaa, lakini wale hulishwa vidonge vya nguvu na hubadilishwa upesi.

Chukua mfano. Umepandisha tarehe 1 Machi. Papasa kati ya 13 na 15 Machi. Sanduku 29 Machi. Watoto 1 Aprili. Waachishe 13 Mei, na mama apandishwe tena. Watoto hawa wakifikisha wiki 16 ni tarehe 22 Julai, siku yao ya mwisho ya kuchinjwa. Uzao wa pili umezaliwa 13 Juni na unaachishwa 25 Julai. Yaani vizimba vya kukuzia vinakuwa vitupu siku tatu, ukavisugua, ukavianika juani, kabla wadogo zao hawajaingia. Ndiyo maana vyumba vitano vinatosha, na ndiyo maana anayeahirisha kuchinja kwa huruma au kwa kusubiri mteja huvuruga kila kitu: watoto wanabanana, wanaambukizana, madume yanaanza kupanda dada zao.

Ukipata watoto 5 hai kwa kila uzao, majike wawili kwa uzao tano ni sungura 50 kwa mwaka. Kila mmoja akiwa na kilo 2 mzima, nyama ni nusu ya uzito huo, kilo moja. Pwani, kwa uzao minne, ni 40. Kwa vidonge vya dukani hufika kilo 2 hata wiki ya 11 au 12; kwa majani mengi, wiki 16 ni matarajio ya haki.

Tenganisha jinsia kabla ya miezi mitatu. Bonyeza taratibu pande mbili za sehemu ya uzazi: dume hutokeza kijibomba chenye tundu la mviringo, jike huonyesha mpasuko mrefu unaoelekea mkiani.

Tundika kadi kwenye kila kizimba: jina la dume, tarehe ya kupandisha, ya kuzaa, waliozaliwa, walioachishwa. Baba asimpande bintiye, wala kaka dadaye. Kila mwaka badilishana dume na mfugaji wa kijiji kingine, haikugharimu kitu. Jike wa kurithi mama mchague kutoka uzao mkubwa uliokua wote, si kwa sababu yeye ni mzuri wa sura. Mama akifikisha miaka miwili na nusu au mitatu, uzao hupungua, naye astaafu.

## Magonjwa

Kinachoua zaidi ni koksidiosisi, hasa wiki ya 5 hadi ya 10: watoto wanadumaa, matumbo makubwa, wanahara, wanakufa mmoja mmoja. Vijidudu vyake si vile vya kuku, lakini njia ni ile ile, kinyesi kuingia kwenye chakula. Weka majani kwenye kihori au yaning'inize, usiyatupe sakafuni. Dawa za salfa za majini hutibu zikiwahi. Muulize afisa mifugo kipimo cha sungura.

Magamba ya kahawia ndani ya masikio ni ukurutu. Mwagia mafuta ya kupikia sikioni siku kadhaa magamba yalainike, usiyabandue kwa nguvu. Sindano ya ivermektini ya chini ya ngozi, ikirudiwa baada ya siku 14, humaliza. Mpime uzito kwanza, maana chupa imeandikwa kwa ng'ombe. Tibu wote waliokaa jirani naye.

Mafua yenye kamasi zito na chafya mara nyingi huwa ya maisha. Dawa huyatuliza, hayaondoki, na sungura huyo huambukiza wengine. Namtoa mapema, bila kusitasita. Tumbo kujaa gesi hutokana na kubadilisha chakula ghafla au majani mabichi mengi: ondoa kila kitu, mwachie nyasi kavu na maji.

Halafu onyo moja zito. Usimpe sungura vidonge au unga wa amoksilini, ampisilini au penisilini kwa mdomo. Huua bakteria wema wa tumboni, na sungura hufa kwa kuhara ndani ya siku chache. Na kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kula nyama. Ziandike kwenye kadi.

## Kuchinja na kupika

Jioni ya kuamkia siku yenyewe ondoa chakula, acha maji. Mchukue kwa utulivu, mbali na macho ya wenzake, umchinje kwa kisu kikali. Kwa Waislamu wa Kisunni nyama hii ni halali ikichinjwa kwa taratibu zake; Mashia Waithnaasheri hawaili, wala Wasabato, kwa hiyo uliza kabla ya kumpakulia mgeni au kumpelekea jirani.

Mtundike kwa miguu ya nyuma damu ichuruzike. Kata ngozi kuzunguka vifundo vya miguu, pasua kwa ndani ya mapaja hadi kwenye mkia, kisha vuta kuelekea chini. Inatoka kama kumvua mtoto shati. Pasua tumbo kwa ncha ya kisu ikielekea juu, usitoboe utumbo wala kibofu. Nyongo iondoe kwa uangalifu kwenye ini. Likague ini: likiwa na madoa meupe mengi, mara nyingi ni koksidiosisi. Litupe, na uzao unaofuata ushughulikie mapema. Nyama ioshe, iache ipoe kwa saa kadhaa mahali pa baridi kabla ya kupika, la sivyo inakakamaa. Ukiuza, nyama ikaguliwe na mkaguzi kwanza, na kichwa kikae mahali pake ili mnunuzi asiwe na shaka ni mnyama gani.

Mkate vipande sita: mapaja mawili, mikono miwili, mgongo ukatwe vipande viwili. Nyama haina mafuta, na hapo ndipo wengi huikosea; wakiichoma motoni peke yake inakuwa ngumu na kavu. Ipake tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na chumvi, ilale saa mbili. Ikaange kidogo ibadilike rangi, weka kitunguu na nyanya, funika iive kwa moto mdogo dakika arobaini na tano, umalizie na tui zito. Kwa mishkaki tumia mgongo wa sungura mchanga tu, na upake mafuta kila unapogeuza. Jike aliyestaafu mchemshe saa mbili au zaidi na maji ya kutosha, kwanza supu, kisha nyama.